Rudisha Kwanza, Kisha Ng'oa: Bi Vichwa Anatuaga

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, yote katika darasa la awali la shule yetu, Bi Vichwa anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe ishirini na tisa Novemba. Nasema rasmi kwa sababu mimi bado sijaamini. Mtu anayestaafu hufungasha vitu vyake. Yeye juzi nimemkuta anachonga penseli za muhula ujao, na nilipomuuliza za nini, akasema penseli haina ubaya ikichongwa mapema. Nikamtazama. Akanitazama. Tukaachana hivyo hivyo.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa kuwa darasa langu, darasa la kwanza, linapakana na lake ukuta kwa ukuta. Mwalimu mkuu alisema hakuna anayemfahamu kama mimi. Tuseme kweli: sikumfahamu tu, nilimchunguza. Mimi ni mtu wa kushuku, hilo si siri. Mume wangu akirudi nyumbani mapema namuuliza kulikoni, akichelewa ndiyo usiseme. Chumba cha walimu wananiita Mpelelezi na sijawahi kulikataa jina. Mtu anayekaa na mwenzake ukuta kwa ukuta miaka yote hiyo asimshuku hata kidogo, basi huyo naye ni wa kushukiwa.

Jina la Bi Vichwa la kwenye vyeti analijua mhasibu. Hili tunalolitumia alilipata kutokana na kazi yake. Kwa watoto wadogo, sauti ya mwanzo wa neno aliiita kichwa. Neno paka, kichwa chake ni ile pumzi ya p inayotoka midomoni. Ng'oa kichwa hicho, pachika t, unapata taka. Ng'oa tena, pachika s, unapata saka. Pachika w, moto huo: waka. Mtoto anayeweza kufanya hivyo kwa mdomo tu, hata kabla ya kuona herufi ubaoni, kusoma hakumpi taabu. Sasa fikiria mama anamuuliza mwanawe jioni ya wiki ya kwanza wamejifunza nini, na mtoto anajibu kwa furaha kwamba leo mwalimu amewafundisha kung'oa vichwa, na kesho watang'oa cha mbuzi. Asubuhi yake baba mtu alikuwa getini, amekunja mikono ya shati, anamtaka huyo mng'oa vichwa atoke nje. Bi Vichwa alimketisha kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni, akampa neno bata. Yule baba alitoka pale ameshapita pata, kata na nata, anacheka peke yake njia nzima.

Darasani kwake palikuwa na sheria moja isiyovunjwa: rudisha kwanza, kisha ng'oa. Ukipewa meza, hukurupuki ukajibu weza. Unasema meza, umemtazama mwalimu usoni, mdomo wazi, bila kumumunya, halafu ndipo unasema weza. Hata mtoto aliyekuja kuomba ruhusa ya kwenda chooni alisimama mbele yake kwanza, akamgusa mkono, ndipo akasema shida yake. Nilidhani ni adabu ya kizamani tu, na nikamsifu moyoni, kabla akili yangu haijaanza kazi yake ya kawaida.

Maneno yaliyozuka bila maana hayakutupwa pia. Watoto waling'oa kichwa cha kiti wakapachika g, wakapata giti, na giti halikuwa na mwenyewe. Bi Vichwa akawaambia neno yatima hutafutiwa nyumba. Wakakubaliana kwamba giti ni kile kipande cha penseli kilichobaki kidogo mpaka hakishikiki. Leo shule nzima inasema giti. Mwaka jana mwalimu mkuu, tena kwenye kikao, alilalamika kwa nini madroo ya walimu yamejaa magiti, wala hakushtuka wakati wenzake tulipoinama kuficha vicheko.

Kila mwaka mpya nilipokea watoto wake, na kila mwaka walikuja kwangu wakiwa nusu wameshajua kusoma. Mwalimu mwingine angeshukuru. Mimi nilishuku. Nikasema huyu anawakaririsha, haiwezekani watoto wa umri huu wacheze na sauti namna hii. Nikawatega kwa maneno yangu mwenyewe, maneno ambayo hawakupata kuyasikia kwake. Waliyarudisha, wakayang'oa, wakayapachika, wakaniuliza kama nina mengine. Lakini mtu wa tabia yangu akikosa kosa upande mmoja huhamia upande wa pili, na hapo ndipo nilipoanza kumwangalia mwalimu mwenyewe badala ya watoto.

Niliyoyaona hayakunipa usingizi. Kwenye vikao alikaa daima na dirisha mgongoni, ili mwanga utuangukie sisi. Simu hakupokea, alituma ujumbe. Mzaha ukitolewa chumba cha walimu, yeye alicheka baada ya wote, tena baada ya kutupitia nyuso. Kengele ikilia hakutazama saa wala mlango, alitazama watoto, na watoto wakiinuka naye akafunga kitabu. Halafu kulikuwa na kile kikaratasi. Alikuwa na ukanda mwembamba wa karatasi, kila mtoto akitamka aliushika mbele ya midomo yake. P inapeperusha karatasi, b haiipeperushi kiasi hicho, na kama bado ana shaka anaweka kiganja kwenye shavu la mtoto, maana m inatetemesha shavu. Wakaguzi waliokuja miaka ya nyuma walimpongeza kwa ubunifu. Mimi nikajiuliza, mtu mwenye masikio yake mawili anapapasa mashavu ya nini?

Siku moja nikamtega. Alikuwa ameinama darasani kwake anapanga vibao vya picha, amenipa mgongo. Nikaingia kimyakimya, nikasimama nyuma yake, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, mshahara umeingia." Jamani, hakuna mwalimu duniani asiyegeuka kwa neno hilo. Yeye aliendelea kupanga vibao vyake. Watoto waliokuwa mbele yake walinitazama, naye alipoona macho yao yamekwenda nyuma ndipo akageuka. Hakuuliza nimesema nini. Aliusoma uso wangu akajua nimeshajua.

Sitazungusha maneno basi, na haya nayaandika kwa ruhusa yake: Bi Vichwa hasikii. Usikivu ulianza kumtoka taratibu akiwa bado kijana, kwanza sauti nyembamba kama s na f, baadaye nyingine zote, mpaka akabaki na ngurumo za malori. Mtu anayefundisha watoto sauti za mwanzo wa maneno, sauti zenyewe haziji kwake kwa sikio. Zinakuja kwa macho, kwa karatasi na kwa kiganja. Siku ile alifunga mlango, akaniketisha, akaniuliza swali moja tu: nimemwambia nani? Nikamwambia sijamwambia mtu. Hapo akalia. Alisema wazi kwamba haogopi kuchekwa, anaogopa kutolewa kwa watoto. Sote tulikumbuka mwalimu mwenzetu aliyepungukiwa na macho, alivyohamishiwa ghala la vitabu akae na vumbi mpaka umri wa kustaafu. "Mdogo wangu," akaniambia, "mimi wakinipeleka ghalani, hiyo miaka iliyobaki sitaimaliza."

Na mimi, kwa kuwa sijui kupumzika, nilibaki na shaka nyingine iliyo nzito zaidi. Je, watoto wa watu wanapunjwa? Ni haki kweli kumwachia asiyesikia darasa la kusikia? Nililipima jambo hilo kwa wiki nzima. Lakini mimi ndiye niliyewapokea hao watoto mwaka hadi mwaka, mimi ndiye niliyewatega, na sikumwona mmoja aliyepunjwa. Sheria yake ya kurudisha neno, ambayo aliitunga ajiokoe, ndiyo hiyo iliyowafundisha watoto kusikiliza neno lote kabla ya kuligusa. Nikanyamaza, na ukimya huo mpaka leo siujutii.

Kisha likaja sanduku. Ofisi ya elimu iliamua kwamba madarasa yote ya awali yatumie sanduku la spika lenye sauti zilizorekodiwa. Sanduku linataja neno, mtoto anang'oa kichwa, mwalimu anasema ndiyo au siyo. Wenzetu walishangilia. Mimi nilimtazama Bi Vichwa nikaona ameshika ukingo wa meza. Sanduku halina midomo, halina shavu, wala halipeperushi karatasi. Siku ya kwanza alisimama mbele yake kama mtu anayesubiri mgeni asiyebisha hodi, watoto wakajibu, yeye akasema ndiyo kwa neno lililokosewa na siyo kwa neno lililo sawa. Watoto wakatazamana.

Wiki hiyo hiyo sanduku likaharibika. Likatengenezwa, likaharibika tena. Hapo shule nzima ikawa ya wapelelezi, nikapata wenzangu. Mwalimu mkuu alimshuku mlinzi, mlinzi akasema umeme, na mimi, Mungu anisamehe, nilimshuku dada yangu huyo huyo, Bi Vichwa. Tena nilikuwa na ushahidi wa mazingira, maana fundi redio pekee wa mtaani kwetu ni nani? Ni mumewe! Sanduku lilipopelekwa kwake halikurudi. Ukienda kuliulizia anasema kipuri hakijaja. Kipuri gani? Cha kutoka wapi? Anakuna kidevu anasema cha ndani.

Nikaenda dukani kwake kumbana. Yule shemeji ni mtu wa maneno machache, na bila kubishana alifungua sanduku mbele yangu. Matundu ya spika yalikuwa yamezibwa na udongo wa kufinyangia, ule ule wa watoto, umekandamizwa vizuri, na juu yake kuna alama za vidole vidogo, vingi, vya mikono tofauti. Mkewe hakuhusika wala hakuambiwa. Shemeji alifunga sanduku akasema, "Kipuri bado." Nikamwambia sawa shemeji, hata mimi naona bado. Baadaye nilimvizia mmoja wa wale watoto nikamuuliza kwa nini wamefanya vile, akanijibu kana kwamba mimi ndiye mwenye matatizo: lile sanduku halina mdomo, na mwalimu anasikitika.

Mkaguzi alikuja muhula huo huo, na yule bwana ana pua. Akauliza kwa nini sanduku linaharibika chumba hiki tu. Akasema haidhuru, maneno atayataja yeye. Akasimama nyuma ya darasa, karibu na kabati, akainua faili akafunika mdomo wake. Alieleza kwamba mwongozo unataka hivyo, mtoto asome kwa sikio asiibe kwa macho. Mimi nilikuwa mlangoni, nimejifanya naleta viti. Nilimwona Bi Vichwa mbele ya ubao, akilitazama lile faili, rangi imemtoka. Nikajua ghala la vitabu limefunguliwa.

Mkaguzi akataja neno la kwanza. Mtoto aliyenyooshewa kidole akasimama, akamgeukia mwalimu wake, akarudisha kwa mdomo mpana: bata. Kisha kata. Bi Vichwa akaitikia kwa kichwa. La pili likarudishwa, la tatu likarudishwa, nami nikaanza kupumua. Lakini niliwaambia yule bwana ana pua. Akauliza kwa nini wanarudiarudia, wanapoteza muda; sasa wajibu moja kwa moja. Akataja neno jingine nyuma ya faili, akamnyooshea kidole msichana mmoja mdogo wa dawati la nyuma.

Yule msichana alitoka kwenye kiti, akaenda mpaka kwa mkaguzi, akanyoosha mkono akalivuta faili chini. Alifanya taratibu, kwa upole kabisa, kama anavyomwelekeza mgeni mahali pa kuweka viatu. "Shikamoo," akamwambia. "Hapa hatufuniki mdomo. Mwalimu haoni maneno yako."

Mwaka mzima sisi watu wazima tulikuwa tunalinda siri, kila mtu na mlango wake, kumbe kwa watoto haikuwa siri hata siku moja. Kwao ilikuwa adabu ya darasa, kama kunawa mikono. Ndiyo sababu hakuna aliyeifikisha nyumbani, hawakuiona kuwa ni habari. Mkaguzi alimtazama Bi Vichwa. Angeweza kukana, na mimi nilikuwa tayari kumsaidia kukana, uongo nilishaupanga mdomoni. Hakukana. Alisema, "Ni kweli, sisikii. Endelea na maneno yako, bwana mkaguzi, ila nitazame."

Na yule bwana aliweka faili juu ya kabati. Akatoka nyuma, akaja kusimama mbele, penye mwanga, akaanza upya. Alitaja maneno yake yote, mengine ya mtego, na watoto wakayarudisha, wakayang'oa, wakayapachika. Waliokosea Bi Vichwa aliwakamata wote. Mmoja alimumunya, b au m haikujulikana, Bi Vichwa akapiga goti mbele yake, akaweka kiganja shavuni, akasema rudia mwanangu, na alijua. Mkaguzi hakuuliza tena kitu.

Alipotoka aliingia ofisi ya mwalimu mkuu wakafunga mlango. Nilitega sikio kwenye tundu la ufunguo na ninakiri sikupata hata neno, wenyewe walinong'ona. Tukasubiri. Bi Vichwa alikuja kazini kila siku amevaa vizuri kuliko kawaida, kama mtu asiyetaka kukutwa vibaya na habari mbaya. Uhamisho haukuja. Wala sanduku halikuulizwa tena. Ila Jumatatu moja tulikuta viti vya chumba cha walimu vimepangwa duara, kila mtu anamwona kila mtu, na mwalimu mkuu akasema ni kwa ajili ya hewa. Hewa! Nilimtazama sana siku ile. Bado sijui alikuwa anajua tangu lini, na hasemi.

Hivyo ndivyo Bi Vichwa alivyobaki kwa watoto wake mpaka mwisho, na hakulala ghalani hata siku moja. Amewalea wengine ambao leo ni wauguzi, makondakta na mafundi cherehani, na mmoja ni mwalimu katika shule hii hii, anafundisha darasa la nne na anatamka kila neno kama analikabidhi mkononi. Anaacha mume ambaye sasa atapata msaidizi dukani, na binti aliyeahidi kumletea wajukuu kila likizo, masikini binti, hajui atarudishiwa watoto wanaong'oa vichwa vya kila kitu. Uongozi wa shule unamshukuru kwa moyo wake, wazazi wanamshukuru, na mimi namshukuru kwa kuwa aliniamini mimi, mtu ambaye sijawahi kumwamini yeyote. Nilikuwa nampenda, na ninaumia kwamba anaondoka. Nimeandika hivyo wazi ili asiseme hakuambiwa.

Neno la mwisho ni kwa wageni waalikwa. Katika ratiba, baada ya hotuba ya mwalimu mkuu, mtaona watoto wa darasa la awali wanasimama kumuaga mwalimu wao. Msidhani kipaza sauti kimekufa. Watasema kwa midomo mitupu, bila sauti, wote pamoja, kwa hiari yao. Hakuna mtu mzima aliyewatuma. Nimewapeleleza mazoezini wiki nzima. Nimechungulia dirishani, nimemhoji mmoja mmoja, nimetoa hata ahadi ya pipi. Hawasemi. Wanasema yale maneno si yangu. Basi tunawaomba mkae kimya na msipige makofi mpaka yeye mwenyewe atakapojibu, kwa sababu ukumbi mzima hatutasikia kitu, na atakayesikia ni yeye peke yake. Dada yangu, Mungu akujalie mapumziko marefu yenye afya, na nyumba iliyojaa nyuso zinazokutazama.